Taarab ya ukumbini au kidumbak cha uwanjani?

Vyote viwili ni muziki wa Zanzibar, vina fidla, na baadhi ya nyimbo ni zilezile. Tofauti utaiona ukitazama miguu ya watu.

Kwenye taarab asilia, ile ya akina Ikhwani Safaa (kundi la tangu 1905), wasikilizaji wameketi. Ala za kanuni (ya nyuzi nyingi), udi (kama gitaa) na nai (filimbi) zinapokezana, utangulizi peke yake unaweza kukumalizia kikombe cha kahawa. Bibi akiguswa na ubeti huinuka polepole, leso imekaa sawa, akaenda kumtunza mwimbaji noti na kurudi kitini. Nani alikusudiwa na ubeti ule? Anajua mwenyewe.

Kidumbak hakina subira hiyo. Ngoma mbili ndogo za udongo, cherewa (manyanga), mkwasa (vijiti vya kugonganisha), na sanduku: kasha la mbao lenye fimbo na uzi mmoja, linalonguruma kama besi. Fidla inakwaruza kwa kasi, mwimbaji anaunganisha wimbo na wimbo, na wanawake wanakata kiuno mpaka vumbi linatimka.

Kusikiliza mashairi, nitachagua taarab. Lakini harusi ya kwetu shamba, niitieni kidumbak. Kanuni ikilia, watu watapiga soga tu.