Tahadhari wana Tanga: eksteno ya TB 2 kwa elfu 45 ni kadi ya simu na nati mbili

Habari zenu wana Tanga, pamoja na nyie waja leo waondoka leo. Hii nimeiandika mara mbili nikaifuta kwa aibu, maana mimi mwenyewe naendesha steshenari, watu wananiletea flashi zao niwasaidie, halafu nikalizwa mchana kweupe. Ila wiki iliyopita dada mmoja wa Chumbageni kaniletea eksteno yake, yaani diski ya nje ya kuchomeka, niitazame. Boksi lilelile kama la yangu, rangi ileile. Nikasema hapa nikinyamaza, na mimi nimo.

Laptopu ya dukani ina diski ya GB 500, na ilikuwa imejaa mpaka ukiiwasha asubuhi unaenda kununua chapati na kurudi ndipo inafunguka. Nilichotaka ni kuikloni: diski yote ihamie kama ilivyo kwenye diski ya nje, Windows, programu, kazi za wateja, kisha ile ya ndani nipige Windows mpya. Eksteno ya maana ya TB 1 madukani nilikuwa natajiwa 160,000 kwenda juu. Nikaona kwenye stetasi ya WhatsApp ya jamaa yangu: TB 2, mpya, 45,000. Kukloni ni 15,000 juu yake, unasubiri. Muuzaji hana duka. Alikuwa Ngamiani, meza ya chaja na kava za simu, na siku hizi meza hiyo haionekani palepale mara mbili.

"Kaka, we niachie tu, ukitoka kuswali Alasiri pitia. Hii ukishachomeka kwenye laptopu yoyote, inawaka kama ya kwako."

Hapo ningejua. Windows ya kawaida uliyoikloni kwenye diski ya USB haikutengenezwa iwakie huko. Microsoft walikuwa na Windows To Go kwa kazi hiyo, wakaiondoa mwaka 2020. Nakala uliyokloni unaifunga ndani ya mashine badala ya diski ya zamani, au unaiweka kabatini siku ya balaa uirudishe. Anayekwambia inawaka popote, ama hajui ama anajua sana.

Nilipopitia jioni akaichomeka mbele yangu. Folda zote zipo. Akafungua picha mbili, zikafunguka vizuri. Skrini inaonyesha TB 1.81. (Kwa hili msije mkamwonea mtu: TB 2 halali nayo Windows huionyesha 1.81, kwa sababu kiwanda kinahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1024. Huo si wizi.) Nikalipa kwa simu, jina likatokea la mwanamke. "Laini ya mama watoto, kaka." Akaongeza, na sauti yake ya upole: vitu vyako sasa viko salama huku, hii ya ndani nikufutie nikupigie Windows, elfu 10 tu.

Nikamwambia haya, futa.

Zikapita wiki tatu. Akaja mama mmoja wa Makorora: "Mwanangu, ile kadi ya harusi ya mwanzo, tubadilishie ukumbi tu." Nachomeka eksteno, jina la faili lipo, ukubwa wake upo, nikibofya linagoma. Jaribu jingine, linagoma. Picha zikawa zinafunguka nusu, sehemu ya chini kijivu kitupu, mtu ana macho hana mdomo. Vilivyonakiliwa mwanzomwanzo vilikuwa vizima, kuanzia kati kwenda mbele hakuna kitu. Nikampigia kijana. "Virusi hivyo kaka, uliichomeka wapi?" Mara ya pili simu haipatikani, na mpaka leo.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja mtu mzima, anatengeneza redio tangu nikiwa mdogo. Hata bisibisi hakutafuta, alipitisha kisu cha mkate pembeni plastiki ikaachia. Ndani: kibao cha kijani kidogo kuliko kidole gumba, juu yake kadi ya kumbukumbu kama ile ya simu, imebandikwa kwa gundi ya moto. Na kwenye kona mbili, nati mbili, zimegandishwa kwa gundi hiyohiyo ili kitu kiwe na uzito mkononi. Akazing'oa akaziweka kwenye kiganja changu. "Mwanangu, wewe umenunua nati za baiskeli."

Huo mchezo unavyofanya kazi ni hivi. Kadi ni ya GB 64, ila programu iliyo kwenye kile kibao imechezewa iiambie kompyuta kwamba ni TB 2. Kompyuta haina sababu ya kubisha. Ukinakili, GB 64 za kwanza zinaandikwa kweli. Zikijaa, kuna vifaa vinavyorudi mwanzo na kuandika juu ya vilivyotangulia, na kuna vinavyopokea na kutupa. Orodha ya majina inabaki, ndiyo maana ukitazama folda unaona mali yako yote imekaa kwa adabu. Muuzaji anakufungulia zile za mwanzo, unaondoka unatabasamu.

Na wala hakukloni. Hili niligundua baadaye kwa kufungua ukurasa wa Windows wa kusimamia diski. Diski yenye Windows huwa imegawanywa: kuna kipande kidogo cha kuwashia, mara nyingi MB 100 tu, kuna kipande kikubwa cha C, na mara nyingi kuna kingine cha urekebishaji. Ukikloni, vipande vyote vinahama. Eksteno yangu ilikuwa na kipande kimoja tu, kisicho na mfumo wa Windows, ameburuza folda akabandika. Kukloni kwenyewe kungefanyika bure: Clonezilla, programu iliyotoka Taiwan, haiuzwi. Inataka tu diski unayohamia isiwe ndogo kuliko unayotoka.

Sasa mkinunua, ya dukani au ya mezani, kabla ya kuweka hata wimbo, pakueni H2testw kwa Windows, au F3 kwa wenye Linux na Mac. Inaandika faili zake mpaka diski ijae, kisha inazisoma tena kuona kama zimebaki zilivyo. Diski ya TB 2 nzima inaweza kula zaidi ya siku, kwa hiyo mimi niliiambia iandike GB 100 tu. Zikasoma vizuri 59 na ushee, zilizobaki zimepotea. Mwambie muuzaji unataka siku mbili za kujaribu, na risiti ya EFD. Akianza kuzungumzia mvua, ondoka. Mimi risiti sina. Nilifikiria kwenda Tume ya Ushindani, ndio wenye kazi ya bidhaa bandia, nikajitazama mkononi nina nini: meseji ya muamala yenye jina la mwanamke nisiyemjua, na nati mbili.

Na ya ndani msifute. Hata eksteno ikiwa nzima, kaeni na ya zamani mwezi mzima, fungueni mafaili ya katikati na ya mwisho, si yale anayowachagulia yeye.

Pesa nimeshazisahau. Kinachonikosesha usingizi ni zile saa alizokaa na laptopu peke yake. Mle mna vyeti vya kuzaliwa vya watoto wa watu, vitambulisho vya NIDA walivyoniletea niskani, barua za kuombea kazi zenye namba za simu. Sijui kama aliburuza kwangu tu au na kwake. Wateja wangu wa mwaka huu na mwaka jana, mkipigiwa simu na mtu anayetaja namba yenu ya NIDA, msimjibu, njooni dukani tuongee.

Diski ya ndani nimeacha kuitumia kabisa, maana kila unachoandika juu yake kinafukia kilichofutwa. Usiku nikifunga duka naipitisha PhotoRec, programu ya kufukua faili zilizofutwa, kutoka kompyuta nyingine, vinavyopatikana nahifadhi kwingine. Inaokoa, ila haikumbuki majina, kila faili linarudi na herufi f na namba ndefu. Nimefikia picha elfu tatu na kitu, nyingi ni za pasipoti za watu nisiowakumbuka. Natafuta sauti ya mzee wangu akisoma Barzanji, dakika kama arobaini. Jana nimesikiliza faili kumi na moja, zote matangazo ya mnada.