Chachu ya kulinda matufaha: ya maji au ya unga?

Chachu kama Metschnikowia fructicola na Candida oleophila hulinda tunda kwa kuwahi: hujaa kwenye mchubuko na kula sukari kabla ukungu wa buluu, yaani kuvu anayeozesha matufaha, haujaota. Kazi ngumu ni kuzifikisha ghalani zikiwa hai.

Ya maji hutengenezwa kwa urahisi. Ikuze saa 48 kwenye nyuzi 25, hewa ikiingia kwa wingi, kisha tenganisha seli, zichanganye na maji yenye trehalosi (sukari inayokinga seli) na uziweke kwenye friji, nyuzi 4. Umeme ukikatika na bakteria wakaingia, chupa hutuna na kunuka. Imwage tu.

Ya unga husafiri vizuri, lakini ukaushaji huua seli nyingi usipoweka kinga, mfano maziwa yasiyo na mafuta, asilimia 10. Wengi huiharibu mwishoni: wanamimina unga moja kwa moja kwenye tangi la maji baridi, na utando wa seli unavuja. Uloweke kwanza kwenye maji ya uvuguvugu, kama dakika 20.

Ghala likiwa jirani na maabara, tungechukua ya maji. Kwa vyovyote, tangini ziwe seli milioni 10 hadi 100 kwa mililita, na tunda lipate chachu hiyo siku ya kuchumwa. Lililokwisha kuoza ndani haliponi.