Kisu cha mfukoni cha kukunja: kagua springi kwanza, makali baadaye

Mnunuzi akipewa kisu cha kukunja, jambo la kwanza hufungua bapa, akapitisha kidole gumba kwenye makali, akaridhika. Makali ndiyo sehemu rahisi kuliko zote kurekebisha. Jiwe la kunolea na subira kidogo vinatosha. Springi iliyokaa vibaya haina dawa nyumbani. Ribiti imekwishagongwa, mpini umefungwa, na kasoro iliyotoka nayo kiwandani utakaa nayo. Ndiyo maana tathmini hii inaanzia mgongoni mwa kisu.

Kisu cha kukunja cha jadi hakina kufuli. Bapa linazunguka kwenye ribiti moja, na shina lake, yaani ile sehemu nene isiyo na makali iliyofichwa ndani ya mpini, linakandamizwa na springi ya chuma iliyolala mgongoni mwa mpini. Kila upande wa springi kuna bamba jembamba la shaba njano au la chuma, na juu ya bamba ndipo hufungwa mfupa, pembe au mti. Kinacholizuia bapa lisikufungie vidoleni ni mkazo wa springi hiyo tu. Ikilegea, au shina likichongwa vibaya, uzuri wa mpini hausaidii kitu.

Anza kisu kikiwa kimefungwa. Pitisha ukucha wa kidole gumba mgongoni, kutoka springi kwenda kwenye mabamba na kurudi. Usikwame popote. Halafu fungua bapa lote upitishe tena. Kwa visu vinavyosimama nusu njia, pale bapa linapofanya pembe mraba na mpini, rudia mara ya tatu. Fundi aliyefanya kazi yake anaisawazisha springi na mabamba katika hali zote hizo, na hapo ndipo kazi ya haraka huumbuka: utakuta springi iko sawa kisu kikiwa wazi, kumbe kikifungwa inazama au inachomoza kama ukingo. Kuzama kidogo hakuharibu utendaji. Kuchomoza kutakukera kila unapotia mkono mfukoni.

Sasa kielekeze kwenye mwanga, utazame kati ya springi na mabamba. Mwanga ukipenya, kuna mwanya. Mwanya mwembamba kama unywele si sababu ya kukiacha kisu, lakini mpana unaingiza jasho na maji, na kutu inaanza ndani mahali ambapo kitambaa hakifiki. Tazama pia kama bapa limelala katikati ya nafasi yake. Bapa linalogusa bamba hujichora mkwaruzo mrefu kila linapofungwa, na mkwaruzo huo haukomi.

Likiwa wazi, lishike bapa karibu na ncha ulisukume kushoto na kulia, kisha juu na chini. Kuyumba kidogo sana kwa upande kunavumilika, hasa kwenye kisu chenye mabapa matatu. Kucheza juu na chini hakuvumiliki. Maana yake shina halikai sawasawa dhidi ya springi, na kadiri kisu kitumikavyo ndivyo shimo la ribiti litakavyozidi kupanuka.

Uzito wa kufungua wapenzi wa visu huupima kwa alama, kuanzia 1 hadi 10. Tano hadi saba ndiyo mahali pazuri. Chini ya nne bapa linaweza kufunguka mfukoni. Kuanzia nane unavunja kucha, na mwenye mikono yenye maji atatumia nguvu hadi kisu kimponyoke. Sikiliza na mlio. Springi yenye afya hulivuta bapa nafasi ya mwisho yenyewe na kulifunga kwa "tak" moja kavu. Bapa linalosita na kungoja msukumo wa mwisho linaweza kuwa na uchafu tu: lioshe kwenye maungio kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, ukilifungua na kulifunga mara kadhaa, likaushe kabisa, tia tone moja la mafuta ya madini. Likiendelea kusita, liache. Mafuta ya kupikia usiyatie humo hata siku moja, kwa sababu hugeuka gundi.

Kuna kasoro moja ambayo wauzaji wengi hawaijui. Chini ya shina kuna kinundu kidogo kinachogota kwenye springi bapa likifungwa, ili makali yasiguse chuma. Kinundu kikiwa kifupi mno, makali hugonga springi kila unapofunga, na unapata kibonyeo kile kile kila baada ya kunoa. Kukipima ni rahisi: weka kipande cha karatasi laini ndani ya mpini, juu ya springi, uliachie bapa lijifunge. Karatasi ikitoka na alama ya kukatwa, makali yanagusa. Kwenye kisu kipya, kirudishe. Kama umekwisha kukinunua, jizoeze kukisindikiza kwa vidole kikifungwa badala ya kukiachia kijipige. Na unaponoa, usikisage kinundu hicho kamwe.

Kuhusu idadi ya mabapa, msimamo wetu uko wazi: kwa kisu cha kwanza, moja au mawili. Kisu cha aina ya stokmani kina matatu, na kwa kawaida mawili kati yake hutumia springi moja, kwa hiyo fundi hulazimika kuyapinda kidogo ili yalale sambamba bila kusuguana. Kikifanywa vizuri ni kazi ya kupendeza. Kikifanywa ovyo, mabapa yanakwaruzana na huna la kufanya.

Chuma kimegawanyika kambi mbili. Chuma cha kaboni hunoleka upesi na kupata makali laini sana, lakini limau na nyanya hukipaka rangi ya kijivu ndani ya dakika, na kikilala na unyevu kinashika kutu. Rangi ya kijivu si ugonjwa, na hata hupunguza kasi ya kutu. Kutu ya rangi ya chungwa ndiyo ya kuondoa siku hiyo hiyo. Chuma kisichoshika kutu kinamfaa anayekata matunda na kusahau kufuta. Ugumu wa visu hivi huwa kati ya 54 na 58 kwa kipimo cha Rockwell C, nasi hatuuoni kuwa upungufu: bapa la ugumu huo hujikunja kidogo badala ya kumeguka, na jiwe la kawaida linalirudisha. Noa kwa nyuzi 15 hadi 20 kila upande, kwa jiwe la namba 1000 kisha la 3000 lililo laini zaidi, na unajua umefika pale ukingo mwembamba wa chuma unapojikunja upande wa pili urefu wote wa makali.

Tukitazama bidhaa zenyewe, nne zinastahili kuanza nazo, kila moja kwa mtu wake.

Victorinox Pioneer ya mpini wa alumini, urefu wa milimita 93, ndiyo tunayompendekezea asiyetaka kukagua sana. Kampuni ilianzishwa na Karl Elsener mwaka 1884 huko Ibach, Uswisi, na mpini huu ni wa ukoo mmoja na kisu cha askari wa Uswisi cha mwaka 1961, kilichotumika hadi 2008. Unapata bapa moja kubwa, sindano ya kutobolea, kifungua kopo na kifungua chupa chenye bisibisi. Chuma chake kina ugumu wa takriban 56 na hakishiki kutu kirahisi. Udhaifu wake ni ule ule wa chuma laini: ukikata maboksi kila siku, utanoa mara kwa mara.

Case ya Bradford, Pennsylvania, nchini Marekani, ndiyo jadi yenyewe. Mtindo wa Trapper una mabapa mawili marefu yanayofunguka upande mmoja, moja lenye ncha kali, jingine lenye ncha butu ya mviringo ambalo asili yake ni kuhasia mifugo. Hapa jifunze kusoma alama zilizogongwa kwenye shina. Ukikuta 6254 SS, 6 kwa kawaida ni mpini wa mfupa uliochongwa, 2 ni idadi ya mabapa, 54 ni mtindo wa Trapper, na SS ni chuma kisichoshika kutu. Ukikuta CV, ni chuma chenye kromu na vanadi, kinachonoleka kwa raha zaidi lakini kinashika kutu. Kwenye mpini wa mfupa, tazama kandokando ya pini kwa makini: ufa mdogo kama unywele huanzia hapo, nao hurefuka. Ukucha unaoukwamia ufa umekupa jibu. Na kwa sababu kila kipande cha mfupa hupokea rangi kivyake, visu viwili vya mtindo mmoja havifanani. Ikiwezekana, chagua kwa macho yako badala ya kuletewa chochote kilichopo.

Mwenye kupenda kaboni tupu na springi nzito ataiangalia Great Eastern Cutlery ya Titusville, jimbo hilo hilo, iliyoanza mwaka 2006 na inayotumia sana chuma cha kaboni cha aina ya 1095. Ni visu vya ustadi, ila si vya mwenye kucha dhaifu.

Opinel namba 8 ni mnyama mwingine kabisa. Haina springi. Bapa la sentimita 8.5 linashikwa na msuguano wa mti, na pete ya chuma iliyoongezwa mwaka 1955 hulifunga likiwa wazi. Tangu mwaka 2000 pete hiyo hulifunga hata likiwa limekunjwa. Ni nyepesi, bapa lake ni jembamba, na kwa kukata mkate, matunda au nyama hatujaona kisu cha mfukoni kinachoipita kwa urahisi. Shida yake inajulikana: mpini wa mti ukinywa maji huvimba na bapa linang'ang'ania. Usilitoe kwa koleo. Fungua pete, gonga kitako cha mpini kwenye ukingo wa meza, na bapa litachomoza vya kutosha kulishika. Kisha kiache kikauke kivulini siku mbili tatu, sugua kidogo ndani ya nafasi ya bapa kwa msasa laini, upake mti mafuta ya kitani. Kitambaa ulichopakia kitandaze nje kikauke, usikifinyange na kukitupa kwenye pipa, maana mafuta hayo yakikauka huzalisha joto na kitambaa kinaweza kuwaka chenyewe.

Kwenye majina, tahadhari moja. Neno Solingen, mji wa mafundi visu, kwenye shina lina uzito, kwa kuwa Ujerumani ililinda jina hilo kisheria tangu mwaka 1938. Neno Laguiole peke yake halina uzito huo: ni jina la mtindo, limegongwa kwenye visu bora na kwenye takataka vilevile, hivyo tafuta jina la karakana iliyokitengeneza.

Ukinunua cha zamani, linganisha upana wa bapa na nafasi lililoachiwa ndani ya mpini. Bapa lililonolewa miaka mingi huwa jembamba, na mfuo wa ukucha, yaani ule mchirizi wa kufungulia bapa, unakaribia makali. Mpini wa seluloidi ya kale unaotoa harufu kali uache kabisa. Plastiki hiyo ikioza hutoa mvuke unaoozesha chuma, na ukikihifadhi pamoja na visu vingine, navyo vitaanza kushika kutu.