Mabuti ya kauboi: la kazini si la harusini

Mwanaume akiniuliza anunue buti gani la kauboi, namuuliza kwanza anakwenda kulivaa wapi. Naishi Houston, Texas, na hapa wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki tukiingia dukani macho yanakimbilia nakshi na rangi. Nakshi ni mapambo tu. Kinachoamua kama utalipenda buti lako ni soli, kisigino na umbo la ncha.

Nianze na kazi, maana ndiko ninakoyavaa zaidi. Ghalani tunasimama juu ya zege kutwa nzima, tukipanda na kushuka ngazi. Huko navaa aina inayoitwa roper: kisigino kifupi cha inchi moja na ushei, ncha ya mviringo, shingo fupi isiyofika mbali juu ya kifundo cha mguu. Yalishonwa kwa ajili ya wale wa rodeo, yaani mashindano ya makauboi, wanaomtupia ndama kamba, kisha wanaruka kutoka kwenye farasi na kukimbia kwenda kumfunga. Kwa kisigino kirefu mbio hizo hazikimbiliki. Yangu ni ya Justin, kampuni iliyoanzia kaskazini mwa Texas mwaka 1879, yenye soli ya raba. Kwenye sakafu yenye maji yananata vizuri, na jioni mgongo haunisumbui. Kama kazini kwenu wanadai buti lenye chuma kwenye ncha, usimwamini muuzaji kwa maneno. Fungua buti usome lebo ya ndani, utafute maandishi ASTM F2413, kiwango cha Marekani cha viatu vya usalama kazini.

Sasa sherehe. Harusi, kanisani, au ile Ijumaa ya Go Texan Day kabla rodeo ya Houston haijaanza, ambapo hata walimu na makarani huvaa kikauboi: hapo roper linaonekana zito chini ya suruali ya suti. Natoa mabuti yangu ya kampuni ya Lucchese, ya ngozi ya mbuni. Vile vinundu unavyoviona ni mahali manyoya yalipokuwa yameota, na ngozi yenye vinundu vingi hutoka mgongoni mwa ndege, ndiyo maana bei yake inapita dola 500 bila shida. Ni ghali, sikatai. Lakini ngozi hii ni laini tangu siku ya kwanza, wakati ya ng'ombe inataka subira. Ncha yake imechongoka kiasi, kisigino kimeinama kwa ndani, na suruali inaangukia juu yake bila kukunjamana. Mwambie fundi aiache suruali iwe ndefu kidogo kuliko unavyozoea, maana ukikaa inapanda.

Soli ya ngozi ni tamu ukumbini. Mguu unateleza unapotaka uteleze, na hutachoka kucheza. Ila mvua ikinyesha na mlangoni pakiwa na vigae, nenda polepole sana. Fundi viatu anaweza kukubandikia raba nyembamba chini. Mimi sikuibandika, kwa sababu naipenda ile soli ya ngozi kwa kuchezea.

Jambo la saizi ndilo linalowaangusha watu wengi, na hapa naomba tusikilizane. Buti la kauboi halina kamba wala zipu. Linaloushikilia mguu ni ngozi inayopita juu ya unyayo, pale karibu na kifundo. Ukivuta yale masikio mawili ya juu ya kuvalia, mguu unapaswa kukwama kidogo, kisha uingie kwa mlio, "pop!" Ukiingia kirahisi, buti ni kubwa. Ukitembea, kisigino kitapanda kidogo ndani, robo inchi hivi, na hilo ni sawa. Soli ikishaanza kukunjika kitatulia. Vidole vikibanwa pembeni, usiongeze urefu, ongeza upana: D ni ya kawaida, EE ni pana. Wenye miguu mipana kama mimi tunakaa vizuri kwenye ncha ya mraba. Nenda jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na soksi utakazovalia. Na toka kwenye zulia la dukani, utembee kwenye sakafu ngumu, maana zulia linaficha mengi.

Kuna duka la mtandaoni, sitalitaja, lililoniuzia jozi likisema soli imeshonwa. Ule uzi uliokuwa ukionekana pembeni ulikuwa wa kupambia. Soli ilikuwa imegandishwa kwa gundi tu, na joto la Texas likaibandua. Buti lililoshonwa kwa mtindo wa Goodyear, yaani soli imeshonewa kwenye ukanda unaozunguka buti, au lenye vijiti vidogo vya mbao katikati ya soli kama haya ya Lucchese, fundi analivua soli na kulivalisha nyingine. Haya yangu ya mbuni yameshapitia kwa fundi, na juu bado yako imara kabisa.

Matunzo si kazi kubwa: brashi, kitambaa chenye unyevu, losheni ya ngozi. Usiyavue kwa kukanyaga kisigino cha nyuma na kiatu kingine, utaua umbo lake. Nunua kile kibao cha kuvulia chenye pengo la umbo la V.

Na kwa anayetaka kumpelekea mzee nyumbani, maana Kenya wapenzi wa muziki wa country ni wengi na wazee wanayatamani haya mabuti: usiulize namba ya kiatu peke yake. Mwambie asimame juu ya karatasi jioni, achorwe miguu yote miwili, kisha azungushiwe futi ya fundi cherehani juu ya unyayo. Peleka vipimo hivyo dukani, na mchukulie roper lenye soli ya raba. Barabara ya vumbi na mawe itaimaliza soli ya ngozi upesi, na kisigino kifupi kitamfaa hata kwenye mteremko.