EVE Online: polisi watafika, ila meli yako itakuwa imeshalipuka

Sekunde 19. Huo ndio muda ambao polisi wa CONCORD huchukua kumfikia mhalifu kwenye mfumo wa nyota wenye alama ya usalama 0.5, mradi hawajavutwa kwanza upande mwingine. Kwenye 0.7 ni sekunde 10. Kwenye 0.9 na 1.0 ni kama 6. Kabla hujaweka shilingi yako kwenye EVE Online, mchezo wa mtandaoni wa meli za angani, zishike namba hizo. Sheria yote ya mchezo huu imesimama juu yake, na wanaokuvizia wamezikariri.

Mchezo ulitoka Mei 2003, kazi ya kampuni ya CCP ya Reykjavík, Iceland. Kila mchezaji ni rubani wa kapsuli, na marubani hawa hawafi. Meli ikilipuka, rubani anabaki anaelea ndani ya kapsuli. Kapsuli nayo ikivunjwa, anaamka kituoni katika mwili mpya wa kloni, na alichopoteza ni vipandikizi vya kichwani. Sasa mtu wa namna hiyo utamwadhibu vipi? Kitanzi hakimtishi. Waundaji waliamua kumtoza: mali yake, muda wake, na uhuru wake wa kutembea. Polisi wa CONCORD hawazuii uhalifu, wanauwekea bei. Anayeingia akidhani amenunua ulinzi analia wiki ya kwanza.

Uzuri ni kwamba bei hiyo imeandikwa wazi. Pembeni mwa kioo kuna kitufe kidogo cha duara chenye rangi tatu. Kikiwa kijani, mchezo unakukatalia kitendo chochote kinachovunja sheria. Kikiwa njano, unaweza kufanya kosa la kukufanya mshukiwa, kama kuchukua mali isiyo yako. Kikiwa nyekundu, hakuna wa kukushika mkono. Mshukiwa hubaki na alama kwa dakika 15, na katika muda huo yeyote anaweza kumpiga risasi bila kosa. Polisi wanapita tu. Mhalifu kamili, yaani aliyempiga asiye na hatia katika anga za 0.5 kwenda juu, naye ana dakika 15, ila huyo CONCORD wanamfuata wenyewe na meli yake haiponi. Kukwepa kipigo hicho kwa hila kunahesabiwa kuwa udanganyifu dhidi ya kampuni, na akaunti inafungwa. Mpangilio huu uliingia Desemba 2012, na bado ndio sehemu iliyoshonwa vizuri kuliko zote.

Mtego wa kale kuliko yote unacheza na hiyo njano. Mgeni anachimba mawe kwa Venture yake, meli ndogo ya uchimbaji, mara anaona kontena linaelea kilomita chache kutoka alipo, limeandikwa kwa njano. Ndani kuna madini ya bure. Anajaribu kuyachukua, kitufe kijani kinamkatalia. Anakibadili kuwa njano, anachukua, na papo hapo jina lake linaanza kumetameta kwenye orodha ya kila mtu aliye karibu. Jamaa aliyeliacha kontena hapo makusudi anageuza meli polepole, hana haraka, kwa sababu sasa ana ruhusa. Kosa la pili la aina hiyo ni huruma: ukimtengenezea mshukiwa meli yake kwa mbali, nawe unakuwa mshukiwa. Kiache kitufe kijani mpaka uwe na sababu unayoweza kuitamka.

Tuje kwenye biashara yenyewe, kuvizia meli za mizigo. Chombo kinachopendwa ni Catalyst, meli ndogo ya bei nafuu ambayo ikifungwa silaha za daraja la pili hutoa dameji kama 600 kwa sekunde. Kwenye mfumo wa 0.5, toa sekunde mbili za kushikilia shabaha, zinabaki 17. Kila Catalyst basi inapiga 10,200 kabla ya kulipuliwa. Meli yako ya mizigo yenye uhimilivu wa 40,000 inahitaji Catalyst nne. Tuseme kila moja imewagharimu ISK (sarafu ya mchezo) milioni 10: gharama ya wizi ni milioni 40. Meli ikilipuka, kila kitu ndani yake kina nafasi ya takriban nusu kwa nusu ya kusalimika. Kwa hiyo ukibeba mzigo wa zaidi ya milioni 80 hapo, wewe ni faida inayotembea. Peleka hesabu hiyohiyo kwenye 0.9, ambako zinabaki sekunde nne: kila Catalyst inapiga 2,400 tu, zinahitajika 17, na mzigo wako unaanza kuvutia ukivuka milioni 340. Weka bei za siku hiyo, lakini fanya hesabu kabla ya kutoka kituoni.

Uedama ni mfumo wa 0.5 ulio kwenye barabara ya kuelekea Jita, soko kuu, na umejaa mabaki ya watu ambao hawakupiga hesabu hiyo. Wengi wao waliwasha rubani wa kujiendesha wakaenda kupika chai. Rubani huyo hukushusha kilomita kadhaa kabla ya lango, halafu meli inajikokota polepole hadi ilifikie, kama mkokoteni wa Gikomba saa ya mvua. Ukiendesha kwa mkono unatua langoni na kuruka mara moja.

Jita yenyewe ni 0.9, na hapo watu hujidanganya kwamba wako salama. Kinga ya muda haifanyi kazi dhidi ya meli ya Tornado, ambayo hufungwa mizinga mikubwa na kufyatua yote kwa mpigo mmoja. Polisi wakija kwa sekunde sita au kwa sekunde moja, risasi imeshatoka. Mtu wa kwanza anachungulia shehena yako kwa kifaa maalumu, jambo ambalo si kosa kisheria, anamtumia mwenzake jina lako, na ndani ya nusu dakika umerudi kwenye kapsuli. Dawa ni uhimilivu mkubwa kuliko mpigo mmoja, au kubeba kidogo na kurudia safari.

Hapa ndipo adhabu inapoonyesha udhaifu wake. Anayefyatua na anayebeba mali ni watu wawili tofauti. Mfyatuaji anapoteza meli ya bei rahisi, na tangu mwishoni mwa 2011 bima hailipi meli iliyolipuliwa na CONCORD, sawa. Lakini mwenzake anakuja na meli safi, anachota mabaki, anapata alama ya ushukiwa tu, kisha anaingia kituoni kunywa maji mpaka dakika 15 ziishe. Kipigo kinamwangukia aliyebeba kitu cha kutupwa, na faida inaondoka na asiyeguswa. Wakitaka kuongeza muda, wanatanguliza kosa dogo upande mwingine wa mfumo ili polisi waende huko kwanza, na hiyo huwapa sekunde sita hivi za ziada.

Adhabu ya kudumu ni alama ya tabia, kuanzia 10 hadi -10. Ikishuka hadi -2.0, polisi wa dola husika wanaanza kukufukuza kwenye mifumo ya 1.0, na kila inaposhuka nusu alama zaidi unafungiwa ngazi nyingine, hadi -4.5 ambapo hata 0.5 hupiti kwa amani. Ukifika -5.0, mtu yeyote anaweza kukupiga popote bila kosa. Kwenye karatasi inatisha. Kwa vitendo, mviziaji wa kazi hukaa kituoni, hutoka dakika moja, hufyatua, hulipuka, hurudi. Kwake -10 ni cheo. Kuitupa tabia hiyo na kuunda nyingine safi kumekatazwa na kampuni, na watu wamefungiwa kwa hilo, kwa hiyo anayetaka kutubu ana njia mbili. Moja ni kuua maharamia wa kompyuta kwa wiki kadhaa. Nyingine ni kununua beji za Clone Soldier na kuzikabidhi kwenye ofisi ya CONCORD pamoja na ada. Kila beji inainua alama 0.5. Kutoka -10 hadi 0 ni beji 20: nne za Trainer, sita za Recruiter, sita za Transporter na nne za Negotiator. Ndiyo, msamaha unauzwa sokoni kwa bei ya jumla.

Aliyeumizwa naye hupewa kitu. Ukilipuliwa kihalifu unapata haki ya kisasi juu ya aliyekupiga, inayodumu siku 30. Unaweza kuitumia mwenyewe au kuiweka hadharani kwa bei, na atakayeilipia anamgeuza jamaa huyo mshukiwa kwa dakika 15. Wazo zuri, matumizi haba. Aliye na -10 tayari anapigwa na yeyote, kwa hiyo kisasi chako hakimwongezei lolote. Kinamkata hasa mhalifu wa mara mojamoja, yule anayejificha nyuma ya alama nzuri. Tena usiiweke bei ya chini sana, maana rafiki yake ataiamsha, ampige akiwa kwenye meli ya bure, na haki yako iishie hapo.

Kuna vurugu nyingine ambayo si kosa kabisa kwa sababu imelipiwa. Shirika la wachezaji linaweza kutangaza vita dhidi ya shirika jingine kwa ISK milioni 100 kwa wiki, na CONCORD wanakunja mikono baada ya saa 24 za onyo. Ukitaka kubaki nje ya hayo, jiunge na shirika lisilomiliki jengo lolote angani, kwani hilo haliwezi kutangaziwa vita. Na wachezaji wenyewe walishawahi kuunda kundi lililowauzia wachimbaji kibali cha milioni 10 kwa mwaka: huna kibali, unalipuliwa. Mkazi wa Nairobi aliyewahi kuuza nguo barabarani kanjo, askari wa jiji, wakipita hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Utapeli wa maneno na wizi wa ndani ya shirika haupigwi na polisi hata kidogo. Mwaka 2009 kiongozi wa EBank, benki iliyoendeshwa na wachezaji, alichota ISK bilioni 200 hivi za wateja. Mchezo haukuona shida na hilo. Alifungiwa kwa sababu aliziuza kwa pesa halisi, kama dola 6,300 za Australia. Mpaka uko hapo, na hausogei: ibia mchezaji ukitaka, usiuze sarafu nje ya duka la kampuni.

Kwa anayecheza kutoka hapa, habari njema ni kwamba umbali hauumi sana. Seva iko London, na ingawa ishara inachukua zaidi ya milisekunde 100 kwenda na kurudi, mchezo hupokea amri zako kwa mapigo ya sekunde moja moja. Kule kwenye michezo ya bunduki ungekuwa nyama. Hapa mtu wa Umoja na mtu wa Manchester wako karibu sawa. Seva hufungwa kila siku saa tano asubuhi kwa saa ya mchezo, ambayo ni saa nane mchana kwetu, kwa hiyo usianze safari ndefu saa nane kasoro. Msongamano mkubwa ni jioni ya Ulaya, yaani kuanzia saa tatu usiku hapa, na ndipo waviziaji wengi huamka.

Tatizo la kwetu ni stima. Ukikatika bila kuwa na ugomvi, meli hujiondoa yenyewe na kutoweka baada ya kama dakika moja. Ukikatika ukiwa umempiga mchezaji mwingine, meli inabaki angani dakika 15, bila wewe. UPS ndogo ya ruta ambayo watu wengi wameshanunua kwa ajili ya intaneti ya nyumbani, pamoja na betri nzima ya laptopu, inatosha kuvuka muda huo. Kompyuta ya mezani bila UPS isiende vitani.

Bei: kuingia ni bure, na akaunti ya bure inatosha kujifunza yote yaliyoandikwa hapa isipokuwa jambo moja, haiwezi kuweka kitufe kwenye nyekundu katika anga zinazolindwa. Uhalifu wa huko ni wa waliolipa. Usajili kamili ni dola 19.99 kwa mwezi, karibu shilingi 2,600 za Kenya, na unaweza kulipia kwa kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay. Vinginevyo nunua PLEX 500, tokeni za kulipia usajili, kwa ISK ulizochuma humohumo, ila mgeni hazifikishi mwezi wa kwanza.

Uhalifu wake unastahili 9 kwa 10, kwa kuwa kila hila ina namba unayoweza kuipiga hesabu. Adhabu naipa 6. Ingepanda hadi 8 kama anayechota mabaki ya meli iliyovamiwa angebeba alama moja na mfyatuaji. Wiki mbili za bure zinatosha kuona kama unaipenda: chimba kwenye 0.9, kitufe kijani, bila vipandikizi kichwani, na usibebe kwa safari moja kitu ambacho huwezi kukinunua tena kesho yake.