Miezi minane na fomu za upangaji za mtandaoni

Mama ana ploti Umoja, Nairobi: bedsita (chumba kimoja cha kuishi) kumi na mbili, na chini kuna duka moja ambalo dada fulani amefungua saluni. Miaka yote mkataba wake na wapangaji umekuwa kaunta buku. Jina, namba ya kitambulisho, dipoziti, basi. Mwaka jana mpangaji wa namba saba alihama akadai dipoziti yake yote. Mama akasema sinki imepasuka, yeye akasema aliikuta hivyo, na kaunta buku haikuwa na neno kuhusu sinki. Mama akarudisha shilingi 7,000 huku amenuna, nami nikatumwa kutafuta "hizo fomu za kompyuta".

Nilianza vibaya. Tovuti ya kwanza ilikuwa ya Marekani. Iliniuliza niko jimbo gani, kisha kama nyumba ilijengwa kabla ya 1978. Nikadhani ni mambo ya bima, kumbe kule sheria inamtaka mwenye nyumba ya zamani amweleze mpangaji kuhusu rangi yenye madini ya risasi. Nilijaza karibu nusu saa, na nilipotaka kuchapisha ndipo ikadai namba ya kadi na malipo ya dola. Nikafunga.

Ya pili ni ya hapa nyumbani, na ndiyo tunayotumia hadi leo. Jina silitaji kwa sababu nina malalamiko. Inafunguka kwenye simu na unalipa kwa M-Pesa, shilingi 500 kwa mwezi. Unamtumia mpangaji kiungo kwa WhatsApp, anajaza mwenyewe, anatia sahihi kwa kidole. Sisi bado tunachapisha nakala mbili pale saiba, duka la intaneti, zitiwe wino, maana Mama haamini sahihi inayofanana na mnyoo.

Mkataba wenyewe ni wa kawaida, ungeupata popote. Kilichonifanya nibaki ni fomu ya hali ya nyumba. Siku mpangaji anaingia, mnazunguka naye chumba mkiwa na simu: sinki, bomba, soketi, vioo vya dirisha, kitasa, rangi ya ukuta, mita ya maji inasoma ngapi, funguo ni ngapi. Kila kitu kina picha na tarehe, na wote wawili mnakubali kabla ya godoro kuingia. Machi, kijana wa namba tatu alihama akiacha kioo kimevunjika. Nilimwonyesha picha ya siku aliyoingia, akacheka, akasema, "Haya, kata." Tukakata 900, yakaisha mlangoni.

Lakini fomu hiyo haina upande. Mpangaji wa namba kumi alipohama, Mama alitaka kukata pesa za rangi kama alivyozoea. Picha zikaonyesha ukuta ulikuwa na madoa tangu siku ya kwanza. Alilipwa dipoziti yake yote. Mama hakunisemesha hadi jioni.

Sasa malalamiko. Fomu ya maombi ilikuja ikiuliza kabila na dini. Za nini? Sheria ya kulinda data ya 2019 inataka uchukue taarifa unazohitaji tu, na mimi nahitaji kujua kama mtu atalipa. Nilivifuta. Mkataba pia ulikuwa na kipengele kilichotiwa alama tayari, kwamba kodi ikichelewa siku tano mwenye nyumba anaweza kufunga mlango kwa kufuli lake. Nikakitoa hicho pia, ingawa keateka wetu, msimamizi wa ploti, alisikitika sana. Mtu asiyesoma angekitia sahihi, kisha ajikute mahakamani yeye mwenye nyumba.

Kubwa zaidi ni la saluni. Nilimtumia dada yule fomu ile ile, akanirudishia bila sahihi. "Kaka, hii notisi ya mwezi mmoja ni ya nyumba ya kulala. Mimi nina duka." Nilienda kusoma, nikakuta ana haki. Maduka, hoteli na mikahawa yana sheria yake, Sura ya 301 ya sheria za Kenya. Mkataba wa maandishi usiozidi miaka 5, au usioandikwa kabisa, unalindwa: notisi haianzi kazi kabla ya miezi 2 tangu mpangaji aipokee, lazima iwe kwenye fomu iliyowekwa na sheria, na asiporidhika anaipeleka kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara. Hata kupandisha kodi kunapitia njia hiyo hiyo. Programu haikuwahi kuniuliza kama ninapangisha chumba au duka.

Risiti za programu hii nazipenda. Bedsita zote zikijaa tunapata 84,000 kwa mwezi, na tangu Januari 2024 KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, inachukua asilimia 7.5 ya kodi za nyumba za kuishi, yaani 6,300, bila kukutolea gharama yoyote. Jumla ya mwezi naisoma kwenye skrini na kuipeleka iTax, tovuti ya KRA. Ya saluni naiweka kando, maana haiingii kwenye hesabu hiyo.

Kama una vyumba viwili vitatu, fomu ya hali ya nyumba unaweza kujitengenezea kwa Google Docs bure. Kuanzia kumi, 500 si nyingi. Kuhusu duka niliwaandikia wenye programu Mei, wakanijibu siku hiyo hiyo wakinishukuru kwa maoni. Jana nimefungua tena: bado imeandikwa mwezi mmoja.