Filamu ya kutafsiriwa au yenye sauti yake ya asili?
Hapa Kirumba, Mwanza, ubishi huu hauishi. Filamu nilizozipenda kwanza nilizikuta kibanda umiza, yaani banda la video la mtaani, kwa sauti ya Lufufu, mtafsiri wa filamu kwa Kiswahili: tumebanana kwenye mabenchi, harufu ya dagaa inaingia mlangoni, na mzee asiyejua Kiingereza anacheka sawa na mjukuu wake. Kwa kueleweka, tafsiri inashinda kabisa. Lakini mtafsiri huongea juu ya kila kitu. Muziki unafifia, na kile kimya cha mwigizaji kabla ya kulia kinapotea. Nilikuja kukisikia usiku, kwenye simu, bila mtafsiri, nikalia naye.

Gharama? Kibanda ni sarafu chache, simu inakula bando, ila umeme ukikatika simu inaendelea. Una wazazi au watoto sebuleni, weka iliyotafsiriwa. Uko peke yako na hedifoni, achana na mtafsiri.